Tanuri la Namakwekwe

Banda hili lilikuwa la mbuzi.
Mvua ikinyesha, bado linanuka mbuzi.
Nimevuta waya mnene kutoka jikoni,
na jirani, Wabwire, hulalamika
kwamba nikiwasha tanuri taa yake inasinzia.

Chupa naokota nyuma ya baa: kahawia, kijani.
Ya buluu nilikuwa nayo moja tu,
ile ya dawa ya tumbo ya mama,
miaka minne dirishani.

Jana niliivunja.
Niliiviringisha kwenye taulo, nyundo mara moja,
nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayeguna.
Nikapanga mto Nabuyonga, kijani kwa kijani,
na buluu pale maji yanapopinda.

Saa nne usiku vigae vikalegea,
kingo zikalala kama uji sahanini.
Saa sita umeme ukakatika.

Kioo hakipendi kupozwa mbiombio.
Hukaa na kinyongo, kimya, laini usoni,
halafu alfajiri, pa!
Nikatoa magunia, blanketi, koti la kanisani,
nikafunika bati lote la tanuri
nikakaa gizani, mgongo kwenye joto.

"Leo umezima mtaa mzima?"
Wabwire, ng'ambo ya ua.
"Si mimi."
Akanyamaza. Kisha blanketi lake
likaja kupitia juu ya michongoma, limenasa miiba.

Sasa kumekucha. Wanale wote unaonekana, hadi juu.
Nimeweka kiganja kwenye kifuniko.
Vuguvugu.
Sifungui.