Mlango wa Chumba cha Tatu

Nyumba yangu iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Sita:
vyumba sita, ukumbi, choo cha uani,
na mita moja ya maji inayogombaniwa kila mwisho wa mwezi.
Nimesema *yangu*. Ngoja, neno hilo nitalirudia.

Shemboza wa chumba cha tatu, fundi majokofu,
alitimiza miezi minne hajanipa senti.
Nikigonga, anatoka na bisibisi mkononi:
"Mama Saumu, kesho."
Kesho yake ina miguu mirefu, haishikiki.

Mpwa wangu Hatibu, aliyesomea ujanja kuliko sheria,
akanambia, "Huyu hatoki kwa maneno. Ng'oa mlango."
Nikang'oa.
Bawaba tatu, skrubu kumi na mbili,
nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
mlango nikauegemeza ukumbini,
nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi mkewe katundika shuka pale palipokuwa na mlango,
shuka la maua, la arusi yao nadhani.
Upepo ukiingia linavimba,
ukitoka linanywea.
Mtoto wao wa miaka mitatu akasimama nje yake,
hana pa kugonga, akabisha kwa mdomo:
ngo, ngo, ngo.
Nilicheka. Kisha nikaacha.

Wakanishitaki barazani.
Mimi niliyedai, ndiye mdaiwa!

Mwenyekiti, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani,
hakuanza na miezi minne.
Alianza: "Mkataba?"
Nikatoa karatasi ya daftari:
jina lake, elfu arobaini, sahihi iliyoloa chai.
"Notisi ulimpa lini?"
Mara nyingi, nikasema, kwa mdomo, majirani wanasikia.
Akaandika kitu. Kalamu ilikwaruza.
"Deni ni deni, nalo lina njia yake ya kudaiwa.
Lakini mlango haulipi kodi. Urudishe leo."

Kisha, polepole, kama anayemtoa mtu mwiba:
"Na hiyo nyumba, mama, hati ina jina la nani?"

Hati ina jina la Mbaruku.
Mbaruku mume wangu, mwaka wa tisa yuko makaburini.
Mirathi hatukufungua. Tulisema arobaini ikipita;
ikapita. Tukasema baada ya Idi;
zimepita Idi kumi na nane.
Watoto wa mke mkubwa wako Muheza, wako Korogwe,
hawajapata kuuliza,
na asiyeuliza leo huja kuuliza siku ya kuuza.

Nilikwenda kumtoa mtu nyumbani
nikajikuta mimi ndiye niko kizingitini.
Mpangaji wa marehemu: silipi kodi, sina mkataba,
napokea fedha kwa jina la mtu asiyeweza kutia sahihi.
Mali bila daftari, walisema wahenga,
nami nikidhani wanawasema wenye maduka.
Basi lile *yangu* liandikwe kwa penseli.

Jioni tuliubeba mlango, Shemboza mbele, mimi nyuma,
hatukusemezana ila "inua", "shusha", "kulia kidogo".
Skrubu moja haikuonekana.
Akachakura mfukoni, akatoa ya jokofu,
nyeupe, nene kidogo. Ikakaza.
Mtoto akabisha hodi kwa kiganja,
ubao ukamwitikia.

Jumatatu nilikwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo.
Wakanirudisha: lete muhtasari wa kikao cha ukoo.
Nimepiga simu Muheza. Inaita tu.

Jumanne nikamwandikia Shemboza notisi,
nakala mbili, tarehe, kiasi anachodaiwa.
Akasoma amesimama, akatia sahihi ya kupokea,
akasema, "Sasa hii, Mama Saumu, ndiyo naiogopa."

Hajalipa. Siku zinahesabiwa.
Nami usiku nikipita ukumbini,
pale ulipoegemea mlango, ukuta umebaki na alama ya vumbi,
ndefu, ya pembe nne,
kama mahali pa kuingilia.
Sijaipangusa.