Mita Zisizo na Alama

Mwalimu Lugata alitutoa darasani saa nne asubuhi,
Kidato cha Pili B, na futikamba ya kuazima
kwa fundi anayejenga choo cha wasichana.
Barabara ya Igombe bado ilinuka mpira,
au ndivyo tulivyotaka.

Michirizi miwili myeusi,
imenyooka, kisha imepinda kidogo mwishoni
kama mtu anayetaka kuomba radhi.
"Pimeni."
Tukapima. Mita arobaini.

Jana yake ubaoni: kilomita sabini na mbili kwa saa
ni mita ishirini kwa sekunde. Tulinakili tu,
kama tunavyonakili tarehe.
Sasa Shigela akazitembea hizo ishirini,
toka nguzo ya umeme hadi kwa mama wa vitumbua,
akageuka kututazama, amekuwa mdogo.
Sekunde moja, ile. Kutamka "Mungu wangu," basi.

Sekunde nne mpaka gari lisimame,
mwendo ukiyeyuka toka ishirini hadi sifuri,
wastani wake kumi, kumi mara nne:
arobaini! Hesabu ikakaa. Tukashangilia.

Lakini dereva, aliyepakia sangara mwaloni Kirumba,
alishamwambia trafiki, kofia mkononi,
kwamba alimwona binti na ndoo
alipokuwa usawa wa bomba la maji.
Na bomba liko kule nyuma, mita sitini.

"Ishirini nyingine ziko wapi?" Holo akauliza.
Mwalimu alikuwa akifuta chaki kwenye suruali.
"Hizo alizila wakati mguu uko safarini
kutoka mafuta kwenda breki.
Lami haiziandiki."

Ziwa lilikuwa jeupe nyuma ya mawe.
Lori jingine likapita, likidondosha maji ya barafu,
na juu ya utelezi ule
arobaini haikuwa arobaini tena.

"Na angekuja nusu ya mwendo?"
Kumi za mguu, kumi za breki.
Nusu ya mwendo, robo ya michirizi.
Angesimama mbali kiasi cha kumsalimia.

Minza hakushika futikamba.
Alichuchumaa pale weusi unapokoma,
akapima kwa mkono wake, polepole,
hadi doa la maji ya ndoo aliyoiangusha,
ambalo jua lilikwisha kulikausha
ila yeye alilijua.
"Shibiri saba," akasema. "Toa sita za bampa."

Hatukuandika jibu hilo.
Aliinuka na ile moja, kidole gumba na cha mwisho
vimetanuka bado, akivitazama.