Namba Arobaini na Moja

Ulikuja na kinasa sauti cha kuazima,
waya wake umefungwa kwa plasta ya kidonda.
Februari, Łódź, kiwanda cha nyuzi kikinguruma
ng'ambo ya barabara.
Ukasema: Jina lako silihitaji.
Ukaandika 041 juu ya jalada,
nami nikacheka, maana hata mama
alikwisha acha kulihitaji.

Siku zile tulichemsha mabua ya mpopi
jikoni kwa Zdzisiek,
tukayaita kompoti,
kama maji matamu ya matunda
ambayo bibi zetu walitupa Jumapili.
Uliniuliza: Wewe unajiitaje?
Nikasema: mfumaji.
Hukuandika teja. Uliandika mfumaji,
na kalamu yako haikusita.

Swali la saba:
katika siku thelathini zilizopita, mara ngapi?

Serikali ilianguka, swali la saba likabaki.
Kiwanda kilifungwa, kikawa ghala, kikawa hoteli
yenye mashine yangu ya kufumia ukumbini, imepakwa rangi.
Ulikosa ruzuku. Ulipata ruzuku.
Bwana mmoja wa kitivo chako, ulinisimulia
siku uliyosahau kuzima kinasa,
alisema watu kama sisi tunahitaji padri au pingu,
si hojaji.
Ukarudi na hojaji. Kurasa tisa.

Mwaka mmoja nilikuja na arosto,
kamasi hadi kidevuni, mifupa ikigongana,
nikakuambia: sifuri.
Uliitazama mikono ya shati langu
iliyofungwa vifungo mwezi wa Julai.
Ukaandika sifuri.

Ilinikaa kooni miezi kumi na miwili.
Nikaja: Dakta, ile sifuri, ifute.
Ukasema: Haifutwi. Tunaandika pembeni.
Ukageuza jalada, ukaniachia kalamu,
na kwenye pambizo nikaandika kwa mkono wangu
kwamba niliogopa ungeacha kuja.

Nasikia uprofesa wako ulianzia pale,
katika makala kuhusu wanaosema sifuri
na wanachokilinda kwa kusema hivyo.
Uliniletea nakala. Nilijitafuta.
Nimo jedwali la tatu, safu ya nne,
na wenzangu kumi na wanane,
wote tumesagwa tukawa asilimia.
Sikuchukia. Sijawahi kuchapishwa popote pengine
ila daftari la polisi.

Zdzisiek alikuwa 040.
Jedwali linasema: hakupatikana.
Lakini wewe ulimpata, Bogumiła.
Nilikuona siku ya Watakatifu Wote
ukiwasha taa juu ya jiwe lake,
upepo ukiizima, ukiwasha tena,
huna jalada, huna kalamu,
kofia imeteleza upande mmoja.
Nilijificha nyuma ya mnara wa familia ya matajiri.
Hilo sikulisema kwenye hojaji yoyote;
hakuna aliyeuliza.

Mia mbili na kumi na wawili tulianza.
Tumebaki thelathini na saba,
wengine kwa methadoni, wengine kwa ukaidi.

Leo umestaafu. Wamekukatia keki ghorofani,
na huku chini msichana mpya, Jagna,
ana kioo cha kugusa badala ya karatasi.
Ameruka swali la sita. Nimemrudisha.
Kisha la saba.
Mbili, nimemwambia.
Mara mbili, mwezi tuliomzika dada.

Amenitazama, kidole kikielea.
Andika mbili, binti.
Halafu nionyeshe, kwenye kioo hicho,
pembeni ni wapi.