Pengo la Ishirini na Moja

Bwana Luxton alishamjua muuaji kabla yangu:
nyegere wa huku, mwenye mistari usoni,
anayelala mchana chini ya msitu wa Bi Hext,
mjane aliyekataa bunduki zisivuke ua wake.
Mwezi mzima, hapo Hatherleigh, hawakusalimiana,
si posta, si kwenye foleni ya mkate.

Kazi yangu mimi ni kungoja.
Tezi za ng'ombe kumi na wanne zililetwa kwenye barafu,
kila moja na namba ya hereni yake.
Bakteria wengine huchipuka usiku mmoja, kama uyoga.
Huyu wa kifua kikuu anataka wiki sita za joto,
mgeni anayevua viatu polepole,
ndipo aonekane, rangi ya makombo.

Namuuliza basi lile swali la kwetu:
wewe wa ukoo gani?

Hajibu kwa alichonacho.
Hujibu kwa alichopoteza.
Vidoa arobaini na vitatu katika mstari mmoja,
cheusi, cheusi, cheusi, kisha pengo,
kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza,
ila jino hili likidondoka halioti tena,
si kwa mwana, si kwa kitukuu.
Wa Devon niliowapima wote wana cha ishirini na moja.
Huyu hana.
Nikarudia. Hana.

Mwanangu Sefu, mzaliwa wa Exeter,
hawezi kusema ng'ombe.
Anaigonga ile g, ngombe,
bibi yake kwenye simu anacheka, halafu ananyamaza.
Nimemsahihisha mpaka nimechoka.
Watoto wake watalitamka hivyohivyo,
na siku moja mtu mwenye sikio
atajua walipitia mlango gani.

"Shropshire," nilimwambia Bwana Luxton.
Nyuma yake mashine ya kukamulia ilikuwa ikivuta pumzi.
"Wenye pengo hili wako kule,
mwendo wa saa nne kwa lori.
Nyegere hapandi lori."

Akakaa.
"Duchess," akasema.
"Nilimnunua mwenyewe, mnadani, ana mimba.
Nilimpa Bryony amlee kwa ajili ya maonyesho.
Alipata utepe. Bado uko jikoni."

Sikuwa na swali jingine.
Yeye alikuwa nalo:
"Hiyo karatasi yako, inakuja kwangu tu,
au inakwenda na ng'ambo ya ua?"

"Kwako tu," nikasema.
"Ng'ambo ya ua utakwenda kwa miguu."

Hakukata simu.
Mashine ikaendelea kuvuta,
na ng'ombe mmoja, sijui namba ngapi,
akakohoa.