Halijakaa

Baba anapiga tairi teke la pili, anasikiliza,
kisha anasema neno lile lile la tangu asubuhi:
"Halijakaa."

Tuko uani, Sejny, Jumamosi ya Novemba,
baridi inauma masikio kana kwamba ina kisa nayo.
Jeki inazama kwenye changarawe; tumeitandikia ubao,
mabaki ya mlango wa banda la kuku.
Škoda ya kijani imeinua bega moja
kama mtu aliyedaiwa deni asilolikumbuka.

Ikifika sabini, usukani hutetemeka.
Ikifika tisini, meno yangu hugongana.
Fundi wa Suwałki alisawazisha tairi, akabandika vipande vya risasi,
akapokea zloti zake, akaniaga kwa jina la dada yangu.
Tetemeko likarudi nami nyumbani.

Gari hili halina nati, lina bolti tano,
kwa hiyo unalibeba gurudumu kwa magoti
na kutafuta tundu kwa tundu, kwa kubahatisha,
huku Baba akisema: juu, juu, hapo, umelipita.
Bolti ya kwanza inaingia. Ya pili inaingia.
Ya tatu inalia.
Juu ringi imebana;
chini unapenyeza ukucha.

"Kaza tu!" anasema Bwana Sudnik kutoka ng'ambo ya uzio.
"Nguvu hukalisha kila kitu."
Anazo trekta mbili zilizokufa kwa ushauri huo.

Tunalitoa tena.
Kitovu kimejaa kutu, magamba ya chumvi ya barabarani,
tabaka juu ya tabaka, majira sita ya baridi.
Nakisugua kwa brashi ya waya.
Vumbi jekundu linanipanda puani, lina ladha ya sarafu.
"Taratibu," anasema Baba, "gari si lako."

Ni la Kazik.
Alikwenda Norwei kuchomelea meli, miezi miwili tu, alisema.
Ringi zake za aloi, zile za kung'aa,
tumezivua mwaka huu kwa mara ya kwanza;
zimeegemea ukuta wa ghala, zimefunikwa blanketi
kama wagonjwa.
Huko sasa ana mke, ana boti, ana maneno
ambayo Baba huyarudia jikoni peke yake
na kuyakosea.
Kitovu chake kimezikwa hapa. Yeye amekaa kule.

Brashi inabadilisha sauti.
Kutu hukwaruza; hiki kinanong'ona.
Nasimamisha mkono. Narudia. Kinanong'ona tena.
"Bisibisi," nasema, "ile nyembamba,"
na Baba, asiyetumwa na mtu tangu jeshini,
anakwenda mbio.

Kinabanduka taratibu, kwanza ukingo, kisha chote:
pete ya plastiki, ya kujazia nafasi ya ringi zile za fahari.
Tatu zilitoka na ringi zake.
Hii ya nne ilibaki, ikavaa rangi ya kutu,
ikajifanya chuma.

Baba anaiinua, anamchungulia Bwana Sudnik kupitia tundu lake.
Sudnik anakumbuka ana kazi ndani.

Safari hii gurudumu linaingia lenyewe.
Tap.
Nakaza kwa nyota, si kwa mduara,
bolti moja, kisha ya upande wa pili,
na Baba hasemi neno lake.

Jioni nikaendesha hadi kando ya ziwa, tisini, mia,
vidole viwili tu kwenye usukani.
Niliporudi nilimkuta kwenye simu, amesimama, koti bado mwilini.
"Umesahau kitu chako huku," alikuwa akisema.
Kimya.
"Kiplastiki. Cha gari."
Kimya kirefu zaidi, kisha sauti ndogo, ya mbali, ikicheka:
"Kitupe, Baba."
"Haya," alisema. "Haya, nitakitupa."

Kipo kwenye msumari wa funguo,
chini ya kofia yake.
Kila ninapochukua ufunguo
huanguka, nami nakiokota.