Viti Viwili Vyekundu

Msimu wa mapichi, kiwandani Pelotas,
baba alirudi na vidole vilivyonyauka kwa sharubati,
hata jasho lake linanukia utamu.
Makopo yaliyobonyea aliruhusiwa kuja nayo.
Tulikula mapichi mpaka tukayachukia,
na kopo la kwanza kuoshwa likawa benki.

Akalibandika picha aliyoikata gazetini:
Porsche ndogo ya rangi ya fedha, ya mwaka hamsini na saba, haina paa.
Si yenyewe, alitueleza, kama mtu anayeungama,
ni mfano wake tu, mwili wa fiberglasi
juu ya kiunzi cha Volkswagen ya mgongo wa kobe.
"Yenyewe ina wenyewe. Mfano ndio wetu."

Miaka minne aliweka.
Haba na haba,
ila kibaba chenyewe kilikuwa kikipanuka.
Mkate asubuhi bei hii, jioni bei ile;
dukani tulishindana mbio na kijana wa kubandika bei
ili tufike kwenye mchele kabla yake.
Serikali ikafuta sufuri tatu, ikaibatiza sarafu jina jipya,
kisha ikafuta tatu nyingine.
Siku alipopasua kopo la tano
akiba yote ilitosha kununua
usukani.

Mama ndiye aliyelia.
Baba akaenda, akaununua huo usukani,
akautundika jikoni, kando ya Bikira Maria.
"Noti inaoza," alisema.
"Chuma hakisikilizi hotuba za waziri."

Tangu hapo nyumba yetu ikaanza kuwa gari.
Taa mbili chini ya kitanda changu, zimefungwa ndani ya sweta;
nikiinama kutafuta kiatu zilinikodolea macho.
Kioo cha mbele nyuma ya kabati la vyombo.
Vitasa vya milango kwenye droo ya vijiko,
tukavishika mara ngapi tukitafuta uma.
Mwaka wa mgomo aliuza baiskeli.
Kabureta hakuiuza.

Vikaja viti, kutoka kwa mjane mmoja huko Rio Grande:
viwili, vyekundu, vya ngozi bandia,
kimoja kimetobolewa na sigara.
Pa kuviweka hapakuwepo ila sebuleni.
Akavifunga kwa boliti sakafuni, vikiielekea televisheni,
na sofa ikahamia kwa shangazi Dalva.
Mama alisusa. Wiki nzima alikalia ndoo iliyopinduliwa.
Kisha usiku mmoja wa Julai,
upepo wa kusini ukipiga mluzi chini ya mlango,
nikamkuta ameketi upande wa abiria,
blanketi magotini, anamenya njegere.
Baba kando yake, mikono imelala mapajani.
Televisheni imezimwa.
Hawakunigeukia. Kuna mahali walikuwa wakienda.

Miaka kumi na tisa.
Fundi Osmar, aliyeahidi kuunga kiunzi bure, alifariki;
akaunga mwanawe, kwa malipo.
Rangi ya fedha ilipungua, upande mmoja wa nyuma
ukabaki na kijivu cha meli.
Kituo cha mafuta, kijana wa pampu akaizunguka mara mbili,
akauliza, "Mzee, hii ni ya kweli?"
Baba akafungua mdomo,
akaufunga,
akalipa.

Mama alipanda mara moja, hadi ziwani Laranjal na kurudi.
Upepo ulimharibia nywele. Alisema gari lina kelele,
alisema pia, akinitazama mimi na si yeye,
kwamba mbele ya televisheni lilikwenda vizuri zaidi.

Sebuleni kumebaki matundu manane ya boliti.
Nilimnunulia sofa, nzuri, ya kijani;
anawekea nguo za kupiga pasi.
Juzi nimemkuta gizani, juu ya stuli,
katikati ya matundu manne ya upande wake.
Baba amesimama mlangoni na funguo,
na yeye anamuuliza, bila kugeuka,
kama breki ameziangalia.