Soksi Moja ya Sufu

Julai imeingia Kutaisi bila kubisha hodi.
Lami inanata kwenye soli za viatu,
mbwa wamelala chini ya magari, ndimi nje,
na mto Rioni umekonda, umebaki mawe na mng'aro.

Nilirudi alfajiri kutoka tanurini.
Usiku kucha nilikuwa nimeinama juu ya shimo la moto
nikibandika mikate ukutani mwake.
Nyusi zangu ziliungua mwaka juzi, hazijarudi.
Joto nalijua. Joto ndilo linalonilipa mshahara.
Lakini lile lililonipokea chumbani mwangu
sikuwa nimelikandia unga.

Dirisha limefungwa, mwanya umezibwa kwa taulo.
Na mwanangu wa siku kumi na moja,
Ilarioni, jina refu kuliko mwili,
amefungashwa kama kifurushi cha kuvushwa mpaka:
shati la pamba, juu yake shati la pili,
suruali, soksi,
kofia ya sufu rangi ya komamanga,
kisha blanketi, kisha, isije ikasemwa hatukujali,
shali ya bibi.

Bibi mwenyewe, mama yangu Tsiala,
alikuwa kando ya kitanda kama mlinzi wa benki.
"Upepo," akaniambia, kabla sijafungua kinywa.
Lamara, mke wangu, akanitupia jicho:
wewe ndiye mwanawe, sema wewe.

Sikusema. Niliosha mikono mara mbili,
unga hauhami upesi kwenye kucha,
nikapitisha vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto
kama ninavyopapasa donge linaloumuka chini ya kitambaa.
Jasho.
Vipele kama chembe za mtama kwenye mikunjo.
Nyayo tu ndizo zilizokuwa na ubaridi.

"Unaona?" akasema mama.
"Nyayo za kichanga husema uongo, mama.
Muuguzi alituambia: iulize shingo. Uliza kifua."
"Huyo muuguzi amezaliwa lini?"

Akanyamaza, nami nikajua alikokwenda.
Mwaka wa tisini na tatu, gesi imekatika, umeme umekatika,
tulichoma milango ya kabati.
Nilikuwa na miaka minne, na nilikuwa na dada.
Alivikwa kila kilichokuwamo nyumbani,
hata mikono ya koti la baba, iliyokatwa kwa mkasi,
na bado haikutosha.
Tangu hapo, kila mtoto azaliwaye katika ukoo huu,
mama humvika yule.

Basi sikuvua kwa pupa.
Nilianza na shali, nikaikunja, nikamkabidhi mwenyewe.
Blanketi. Kofia, na kichwa kikafuka mvuke,
naapa, kama mkate uliomegwa.
Soksi. Suruali. Shati la juu.
Ilarioni akakunjua vidole vyake vya miguu
akapiga mwayo mrefu
wa mtu aliyevua viatu baada ya harusi.

Akabaki na nepi, na shati moja
lililofuliwa hadi likasahau rangi yake.
"Uchi," akasema mama.
"Kama mimi," akasema Lamara, mabega wazi, gauni la kulalia.
Mama akajitazama: nyeusi hadi vifundo vya mikono, sketi nzito.
Hakucheka.
Aliinuka, akalivuta lile taulo.

Upepo ukaingia, mdogo,
na harufu ya majani ya mzabibu
na ya jirani anayechoma bilinganya.
Ukamgusa mtoto tumboni, ukaendelea na shughuli zake.
Sote watatu tulikuwa tumebana pumzi.

Nilipoamka saa sita mchana
mama alikuwa amesinzia kitini,
mkono mmoja nyuma ya shingo ya mjukuu, vidole viwili,
sawasawa na nilivyofanya.
Katika ule mwingine, ndani ya ngumi,
ameshika soksi moja,
anaipasha joto.